Picha Nilizomwambia Azifute

Mimi ni mpiga picha wa harusi za wanawake. Nasema za wanawake kwa sababu kwetu harusi ni mbili. Kuna ile ya nikahi, ambayo mwanamume yeyote mwenye kamera anaweza kuipiga hata akiwa anasinzia, na kuna ile ya kupamba, ambapo bi harusi huketishwa kitini akatazamwa na wanawake wenzake, mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, mabega wazi, dhahabu zote zimetoka kabatini. Humo haingii mwanamume, na simu za wageni hukusanywa mlangoni zikatiwa kwenye kikapu. Kamera inayoruhusiwa ni moja tu, nayo ni yangu. Kazi hiyo nimeianza sijaolewa, na sasa nina wajukuu.

Watu hudhani kazi yenyewe ni kupiga. Kupiga ni nusu. Nusu ya pili hufanyika siku mbili baadaye, mchana, sebuleni kwa mama wa bi harusi. Nakwenda na laptopu yangu, naletewa chai na kaimati, kisha mimi na yeye tunazipitia picha moja moja. Anazozitaka zinabaki. Asizozitaka nazifuta mbele ya macho yake, kisha nafungua lile pipa la kompyuta nalimwaga, kisha naisafisha na kadi ya kamera, namwonyesha kwamba haina kitu. Hapo ndipo anaponipa mkono. Mke wa mtu aliyepigwa akicheza kichwa wazi anataka kulala akijua kwamba picha yake haizunguki mjini. Hiyo ni amana, na kwa miaka yote hiyo sijaivunja hata mara moja. Najisifu kwa hilo, na nina haki ya kujisifu. Lakini ni hiyo hiyo amana niliyoitumia mahali pasipokuwa pake, nikamharibia mtoto wa watu.

Msichana huyo alinijia kwenye studio yangu Mishomoroni asubuhi moja, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwalimu wa nani?"

"Wangu mimi, inshallah."

Nilimwambia mimi si mwalimu wa mtu na nina kazi. Kesho yake akaja tena, na ujue alikuwa akitoka Bofu, ng'ambo ya Likoni, avuke feri, akatize mji mzima ndipo anifikie. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliniona nikipiga kwenye harusi ya binamu yake, akasema tangu siku hiyo hajatamani kazi nyingine. Mama yake alikuwa mshonaji. Babake alikuwa amefanya kazi bandarini hadi alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Siku ya tatu alipokuja nilimpa kamera yangu ya zamani, kwa hasira, ili anipe nafasi ya kupumua.

Mkono alikuwa nao. Hilo nililiona wiki ya kwanza. Kilichomshinda ni kuchagua. Nilimtuma akapige sinia moja ya halua, akaniletea picha mia nne. Mia nne za halua! Nikamwambia achague kumi. Akachagua sitini.

"Nimekwambia kumi."

"Zote nazipenda, mwalimu."

"Kupenda si kazi uliyokuja kujifunza hapa. Kupenda kawapende wazazi wako."

Basi nikaanza kumfunza kwa njia ile niliyoijua. Kwanza toa zilizotikisika. Kisha toa zenye macho yaliyofumba. Kisha zile zinazofanana kama mapacha, weka moja, nyingine ondoa. Na ukishachagua, usiziache zilizobaki zikakaa kwenye kompyuta kukunyemelea. Zifute. Mwaga pipa. Safisha kadi. Nilimwambia kwamba mtu anayeziweka zote hajachagua chochote, amehamisha tu vyombo. Nilipenda sana kusema hivyo, na nilikuwa nikijisikia hodari kila ninaposema.

Mwanzo alikuwa akisita. Kidole kinakwenda kwenye kitufe kinarudi, nami nambeza, "Mbona wakiogopa, kitakuuma?" Ikawa miezi, mkono wake ukazoea. Akawa anakaa mbele ya picha mia tatu, na kabla chai haijapoa amebaki na ishirini, na zote ni zilezile ambazo ningezichagua mimi. Akina mama wa harusi wakaanza kumpenda. Nikawa namwacha aende peke yake sebuleni kwao na laptopu. Nilimwona kama kidole changu cha sita.

Siku moja, tukiwa tunakunja pazia la studio, akaniambia kuna mafunzo ya upigaji picha Nairobi, mwaka mzima, unalala hukohuko, unakula hukohuko, na wanaokufunza ni watu waliopiga picha za magazeti. Wanachukua wachache. Unatuma picha kumi na mbili tu, wanaangalia picha, hawaulizi cheti. Alilisema jambo hilo huku akiangalia pindo la pazia, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Lakini nilimjua vya kutosha. Pindo lile alikuwa amelikunja mara tatu.

"Wataka kwenda?"

"Wallahi, mwalimu, nataka mpaka silali."

Nikafurahi kwa ajili yake. Pia nikahisi kitu kingine ambacho sikukitazama usoni siku ile. Nilikuwa na harusi saba zimeshikwa, na yeye ndiye msaidizi wa pekee niliyempata ambaye akina mama walimwamini. Nimejiuliza mara nyingi kama hilo lilikaa ndani ya mkono wangu siku tulipochagua.

Tulizipanga picha zake za harusi kwanza. Nyuso hatukuweza kutuma, kwa hiyo tulitoa mikono yenye hina, viatu vya bi harusi, maua ya asumini yaliyotungwa, mikufu juu ya kitambaa chekundu. Nzuri zote, kali, hazina doa. Zikafika kumi na moja. Ndipo aliponiambia kwamba anazo na picha zake mwenyewe, nje ya kazi, akatoa kadi mfukoni, humo tu ndimo zilimokuwa.

Zilikuwa picha za babake akivaa. Kwa miezi minane, kila asubuhi kabla ya kuja kwangu, alimpiga mzee yule akijifunza upya kufunga vifungo vya shati. Chumba chenyewe kina dirisha moja, na mtoto yule hakutaka kutumia fleshi asimshtue. Kwa hiyo zilikuwa na giza, na nyingi zimetikisika. Mkono wa kulia wa mzee ulionekana kama ukungu. Nyingine zilimkata kichwa, ukaona kidevu, kifua na vidole.

"Hii ni nini?"

"Baba anafunga kifungo."

"Na hii?"

"Hapo kimemshinda."

"Na hii hapa?"

"Hapo amekasirika, ameniambia nitoke. Halafu akaniita nirudi."

Zilikuwa mia tatu na kitu. Nilizipitia kwa kasi, nikihesabu makosa kwa sauti. Kuna moja iliyonisimamisha. Mzee amekishika kifungo kwa vidole vitatu, anakitazama kama mtu aliyetoa salamu akanyimwa jibu. Niseme kweli, niliirudia mara mbili. Nikasema, "Imetikisika," nikapita.

Haikuwa giza peke yake lililonikera. Nilikuwa nimeingiwa na haya. Mimi nimeishi kwa kuwastiri watu. Nilipomwona yule mzee kifua wazi, mdomo umepinda upande, nilimwona kama mwanamke wa kupamba aliyepigwa kichwa wazi na picha ikatoka mlangoni. Nikamgeukia yule msichana nikamwambia, "Mungu amemstiri babako ndani ya nyumba yake, wewe wataka kumvua mbele ya watu wa Nairobi?"

Akashtuka. "Baba mwenyewe ameniruhusu, mwalimu. Kila siku namuuliza, na kila siku ananiambia piga."

"Ruhusa ya mgonjwa hiyo."

Tukabakisha moja. Ilikuwa ya siku mzee alipomaliza kuvaa, kanzu imenyooka, kofia kichwani, amesimama penye mwanga wa mlango, yuko sawasawa. Iliyo kali kuliko zote. Niliichagua kwa sababu humo hakuonekana kuwa amewahi kuumwa.

"Haya, hizi zilizobaki, futa."

"Si tuziache tu? Hata pembeni huko, hazili kitu."

"Nimekufunza nini?"

"Mwalimu, hizi si za harusi."

"Picha ni picha. Futa."

Akasita. Nikasema tena, nikasema na mara nyingine, sauti ikipanda, kwa sababu nilikuwa na mteja nje na nilikuwa sipendi kurudia neno. Nadhani nilisema mara saba. Mwishowe akabonyeza, kisha akamwaga pipa, kisha akaisafisha kadi, yote kwa utaratibu kama nilivyomfunza. Kadi ile ile ikaingia kwenye harusi ya Jumamosi na nyingine ya wiki iliyofuata.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, kwenye simu yangu, maana tulitumia barua pepe yangu. Nilimwita, nikaanza kumsomea kwa sauti kubwa kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani redioni. Walishukuru. Walisema picha za harusi ni safi na aliyezipiga anaijua kazi, lakini picha za namna hiyo wanazipata nyingi. Kisha wakasema hivi: ile ya mzee mlangoni imetufanya tutake kujua yaliyotangulia kabla ya pale. Je, unazo nyingine za huyo mzee, nyumbani, katika shughuli zake? Hata kama si kamili. Tutumie kumi ndani ya siku saba, na tutakupa jibu la mwisho.

Nilifika katikati ya sentensi ile sauti ikanipungua. Nikamalizia kusoma kwa kunong'ona. Yeye alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akaiweka mikono juu ya magoti.

Tulikimbia kwa fundi wa kompyuta, kijana mmoja pale Ziwa la Ng'ombe anayesifika kwa kufufua vitu vilivyofutwa. Akaichomeka kadi, akafungua programu yake, akatuambia tusubiri. Picha zikaanza kuchomoza kwenye kioo, ndogondogo, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa bega la mwanamke. Ya pili ni shangazi wa bi harusi wa Jumamosi ile, kichwa wazi, anacheza, anacheka. Nilirusha mkono nikakifunga kioo cha mashine ya watu kwa kishindo.

"Mama, vipi, ntafanyaje kazi sasa?" fundi akauliza.

"Hufanyi. Toa kadi."

Yule msichana aliniangalia. Nilijua anachokiwaza, na alijua ninachokiwaza. Ili babake arudi, ilibidi wanawake wale wote watoke kwanza mbele ya macho ya yule kijana. Hakunibishia. Akanyoosha mkono yeye mwenyewe akaichomoa kadi. Tuliipata ile programu, tukajifungia studio tukajaribu wenyewe, mlango na dirisha vimefungwa, jasho linatutiririka. Zikaja za harusi ya pili. Zikaja chache za harusi ya kwanza, nusu yake zimekatika kama karatasi iliyochanwa. Za babake haikuja hata moja. Harusi mbili zilikuwa zimekaa juu yake. Tukazifuta upya zile za wanawake, nikakaa chini sakafuni.

Nafasi ile aliikosa. Nalisema mapema nisiwaweke roho juu. Lakini kabla ya kuikosa, siku mbili kabla muda haujaisha, aliniomba niende naye kwao Bofu. Alidhani mimi nitaona njia ambayo yeye haioni. Masikini, bado alikuwa akinidhania mimi ndiye mwenye macho.

Nilimkuta mzee amekaa barazani. Aliponiona akasimama, peke yake, bila kushika ukuta.

"Starehe, baba, starehe, usisumbuke," nikamwambia.

"Wapi! Ndoo ndani, mwalimu, ndoo ukae. Mwanangu yuwakutaja kila siku."

Mkono alionipa ulikuwa wa kulia, na ulinibana. Nikamtazama shati. Vifungo vyote vimefungwa, hadi cha juu. Alikuwa amepona. Hilo hakuna aliyekuwa amenieleza waziwazi, au nilielezwa sikusikiliza. Kwa miezi miwili sasa alikuwa akivaa mwenyewe, akienda msikitini mwenyewe, akigombana na wauza samaki mwenyewe. Mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani, alisema alhamdulillahi mara tatu akinieleza. Nami nikaitikia alhamdulillahi, na moyo ukanishuka, kisha nikaona aibu kwamba umeshuka kwa habari kama ile.

Mzee alikuwa ameambiwa kisa chote. Akacheka. "Nimepoa wakati mbaya, sivyo? Ningengoja kidogo." Kisha akaacha kucheka. Akamtazama bintiye, akamwambia, "Shika kamera yako. Nenda pale penye dirisha, pale ulipokuwa ukikaa. N'tajifanya siwezi."

"Baba…"

"Shika, nakwambia. Kwani n'mesahau? Mwenyewe nilikuwako."

Akaingia chumbani, tukamfuata. Akakaa kitandani, akavifungua vifungo vyote. Akauacha mkono wa kulia ukalegea. Akaupinda mdomo. Akaanza kukitafuta kifungo cha kwanza kwa vidole vitatu, kinamponyoka, anakitafuta tena. Wallahi aliiga vizuri mno, maana hakuwa akiiga cha mtu mwingine. Nyuma yangu cherehani ikanyamaza, nikamsikia mkewe akisema kwa sauti ndogo, "Usijiombee, bwana we, usijiombee, Mungu asikusikie." Mzee hakuacha. Kifungo kikamponyoka mara ya tatu.

Binti alikuwa ameinua kamera hadi jichoni. Nilisubiri mlio. Mimi, na niandike hivi ilivyokuwa, nilitaka apige. Nilikuwa nikihesabu moyoni: moja, mbili, tukipata kumi tumesalimika. Nilikuwa tayari mzee wa watu aigize maradhi yake ili kosa langu lipate kufunikwa. Mlio haukuja. Aliikalisha kamera jichoni muda mrefu, kisha akaishusha polepole ikakaa kifuani.

"Baba, funga shati lako."

"Hazikutoka? Nirudie?"

"Funga tu, baba. Upepo huo."

Akavifunga. Vitano, toka juu hadi chini, haraka haraka, bila kuangalia. Kisha akanyanyua uso akatutazama sote wawili kwa zamu, akingojea tumwambie kama amesaidia.

Binti alinisindikiza hadi mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kule chumbani. Nilitaka kumwambia kwamba zile picha niliziona, kwamba ile ya kifungo ilinisimamisha na nikaipita makusudi, kwamba mwanafunzi alijua na mwalimu hakujua. Nikaanza, "Mwanangu…"

"Abee, mwalimu."

Nikababaika. Akaona ninavyohangaika, akanihurumia. Akanishika mkono akasema, "Usijilaumu. Wewe ulisema tu. Mimi ndimi niliyebonyeza."

Ilikuwa nafasi ya kumkatalia. Alinitazama, kama aliyenipa nafasi ile kusudi. Nikamwambia, "Haya, mwanangu, Mungu atakuletea nyingine," nikavaa viatu vyangu, nikaenda zangu kivukoni.